Mwanafunzi, hadithi yako isiishie kwenye daftari

Wanafunzi wengi makambini wana hadithi, shairi au insha ambayo haijasomwa na mtu mwingine ila mwalimu aliyeisahihisha. Maandishi hayo yanaweza kuwafikia wakimbizi na wenyeji wengi.

Je, nina haki ya kuchapisha?

Ndiyo. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinampa mtoto uhuru wa kutoa mawazo yake, hata kwa maandishi. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinataka kazi za uandishi za mkimbizi zilindwe sawa na za raia wa nchi anayoishi. Hadithi uliyoitunga ni yako. Anayetaka kuitumia akuombe ruhusa.

Nianzie wapi?

Anzeni na gazeti la ukutani. Mwombeni mwalimu nafasi, mwandike kwa mkono, mbandike karatasi mpya kila mwezi. Baadaye chagueni kazi nzuri mtoe kijitabu cha darasa kwa fotokopi. Waalikeni pia wanafunzi wenyeji. Andika kwa lugha unayoimudu.

Huko Kakuma, Kenya, wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti la KANERE mwaka 2008.

Nijihadhari na nini?

- Usitaje majina ya jamaa waliobaki nyumbani wala mahali walipo. Andiko moja linaweza kuwaletea hatari.
- Usiandike namba ya kadi ya mgao wala ya nyumba yenu.
- Ukihofia usalama wako, tumia jina la kubuni.
- Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi asome na akubali kwanza.
- Kumbuka, kilichosambaa kwenye simu hakirudi.
- Baki na nakala yako.

Ni lazima niandike kuhusu vita?

Hapana. Hakuna anayeweza kukulazimisha kusimulia yanayokuumiza. Andika kuhusu mpira, foleni ya maji au mapishi ya bibi.

Wazazi na walimu wafanye nini?

Msikilizeni mtoto akisoma kazi yake, na msimcheke kwa makosa ya tahajia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifika Uingereza akiwa kijana mkimbizi, akaanza kuandika akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Safari yake ilikuwa ndefu, nayo ilianza kwa kuandika.