Ngozi Inapopingana na Hesabu ya CD4

Anayejikuna wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, huwa na sababu nyingi. Mito inayoporomoka kutoka milimani huzalisha inzi weusi wanaoeneza usubi, na dawa ya ivermectini imegawiwa vijijini kwa miaka mingi ili kuudhibiti. Upele nao upo. Mwenye VVU huongezewa vipele vya kuwasha, ukurutu na mkanda wa jeshi. Katika msongamano huo ni rahisi kumsahau mshukiwa mwingine: HTLV-1, kirusi cha ukoo mmoja na VVU, kilichotangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1980, kabla VVU havijajulikana. Hoja yangu ni kwamba mwenye VVU ambaye ngozi yake hupona na kuugua tena apimwe HTLV-1, kwa kuwa virusi hivi viwili vikikutana, hesabu ya maabara inaweza kupotosha.

VVU huziua seli za kinga ziitwazo CD4, ilhali HTLV-1 huzichochea zizaliane. Aliye navyo vyote anaweza kuonekana ana CD4 za kutosha huku nyingi kati yake hazifanyi kazi ipasavyo. Ngozi haidanganywi na wingi huo. Huko Jamaica, mwaka 1966, madaktari walieleza ukurutu mkali wa watoto unaotoa usaha na magamba kichwani, masikioni na puani. Mwaka 1990 ukahusishwa na HTLV-1. Hutulia kwa antibiotiki kama Septrini, kisha hurudi dawa ikikatishwa. Kirusi hicho huhusishwa pia na upele mzito wa magamba. Wala maambukizi mchanganyiko si jambo geni mkoani Mbeya: aina A, C na D za VVU zimekutwa huko pamoja na machotara yake, na chotara hazaliwi pasipo mtu mmoja kubeba aina mbili kwa wakati mmoja.

Atakayepinga atasema HTLV-1 si ya kawaida Afrika Mashariki kama ilivyo Japani au Afrika ya Kati. Ni kweli, ndiyo maana sipendekezi kupima kila mtu. Usubi na upele vitangulie, na kipimo kiwasubiri wale ambao tiba imewashinda. Mwingine atasema tangu 2016 Tanzania huwaanzishia ARV wote wenye VVU bila kungoja CD4. Hata hivyo, CD4 chini ya 200 bado ni alama ya kumtambua mgonjwa aliyezidiwa, na HTLV-1 inaweza kumficha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba HTLV-1 haina dawa ya kuifuta. Lakini anayejulikana anayo huweza kushauriwa kuhusu kunyonyesha, ngono bila kondomu na kuchangia damu, njia tatu za kuenea kwa kirusi hicho. Daktari naye atachunguza minyoo ya strongiloidi kabla ya kuandika steroidi, kwa maana kwa mwenye HTLV-1 minyoo hiyo, kinga ikishushwa, huweza kusambaa mwilini na kuua.