Uzazi salama ni kazi ya timu, na familia imo

Mama mjamzito wa Galula akianza kutokwa damu usiku, maisha yake hayako mikononi mwa mtu mmoja. Yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezijua dalili za hatari, mkunga wa zahanati, dereva, mtaalamu wa maabara anayepima kundi la damu, mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji. Mmoja wao akikaa na taarifa bila kumpa mwenzake, kazi ya wengine inaweza kupotea.

Galula iko Wilaya ya Songwe, kwenye bonde linaloelekea Ziwa Rukwa, katika mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Wataalamu wa uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Nyumbani

Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, degedege, au mtoto kuacha kucheza tumboni si mambo ya kusubiri kupambazuke. Wala si ya kusubiri baba arudi safari ndipo atoe ruhusa. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, mama akiwa bado mzima.

Njiani

Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu za dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupitia namba 115, bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa na mfumo, si na familia. Dereva huyo si daktari, lakini bila yeye daktari hana wa kumtibu.

Hospitalini

Muuguzi, tabibu, mfamasia na mtaalamu wa maabara husoma kozi tofauti, na mara nyingi hukutana kwa mara ya kwanza mgonjwa akiwa mbele yao. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaohimiza wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze pamoja. Wakizoeana darasani, muuguzi kijana hataogopa kumwambia daktari "subiri kwanza", na daktari atamsikiliza.

Ushahidi upo hapahapa nchini. Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa miji 8 duniani ambako hospitali zilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Kabla ya mgonjwa kupasuliwa, wote chumbani husimama kidogo, kila mmoja hutaja jina na kazi yake, kisha huthibitisha mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2009, katika hospitali hizo 8 kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichoongezwa hasa ni watu kuzungumza.

Kitaifa, vifo vinavyotokana na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni hatua kubwa, lakini kila mmoja katika hao 104 ana watu wanaomlilia.

Nafasi ya mzazi

Familia nayo ni sehemu ya timu. Mambo manne yanawezekana kuanzia leo:

- Kadi ya kliniki iwekwe mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua.
- Mkunga aambiwe dawa zote anazotumia mama, zikiwemo za kienyeji. Kuficha kwa kuogopa kukaripiwa ni hatari kuliko kukaripiwa.
- Kundi la damu la mama lijulikane, na ndugu wawili au watatu wawe tayari kuchangia damu.
- Mama akipewa rufaa, msindikizaji aulize kwa heshima: "Huko tuendako wameshaambiwa? Atatupokea nani?"

Swali hilo dogo halimdharau mtaalamu yeyote. Linamkumbusha kuwa kuna mwenzake anayesubiri taarifa.