Stara Uwanjani

Ngoma ya mganda, ichezwayo katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ni historia itembeayo. Gwaride lake huiga askari wa kikoloni wa zama za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ikialikwa Busale, ni haki kibanda cha bati kisisimame mbele ya gwaride hilo. Lakini kuficha choo ni jambo moja, na kukosa choo ni jambo jingine.

Mama aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni hujinyima maji mchana kutwa, akiona haya kuuliza msalani ni wapi. Hiyo si adabu, ni mateso.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio, na vyoo vikachimbwa. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaripotiwa nchini.

Twawataka viongozi wa kata wahakikishe choo kinakuwa tayari kabla ngoma hazijawambwa. Ua uwe wa mianzi na majani ya migomba, visivyoharibu sura ya kale. Katika bonde la Kyela, ambako masika maji hupanda, shimo refu hugeuka kisima cha maradhi. Choo kiinuliwe juu ya tuta. Wanawake wawe na upande wao, na mlango usielekee umati.

Nao ndugu zetu wa Makunduchi, wapiganao kwa vigogo vya migomba siku ya Mwaka Kogwa, wakumbuke kuwa mwamba wa matumbawe hupitisha uchafu hadi kisimani.

Ngoma ikiisha, shimo lifukiwe kesho yake, kabla ya mvua.