Mguu Hausubiri

Mwili ni amana tuliyokabidhiwa na Mwenyezi Mungu, na kila amana ina siku yake ya kuulizwa. Katika amana hiyo imo mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni hadi kwenye ncha za vidole vya miguu. Mishipa hiyo ikizibwa na mafuta, kwa sababu ya tumbaku, kisukari, shinikizo la damu au uzee, mguu hupungukiwa na damu. Na mguu usiopata damu hufa ungali juu ya mwili wa mtu aliye hai.

Siku moja, penye hodhi la kutawadhia, tulimwona mzee mmoja ambaye kidole chake cha mguu kilikuwa cheusi. Tukamwuliza, "Mzee wetu, kidole hiki kimekuwa hivi tangu lini?" Akatujibu, "Huu mwezi wa pili, maalim. Nyumbani wananichua kwa mafuta ya moto." Zahanati ya kwanza ilikuwa imempa vidonge vya maumivu, na ya pili ikamfunga kitambaa. Alipofika hospitali kubwa, mguu ulikatwa chini ya goti. Mzee huyu hakukosa wa kumpenda wala wa kumtibu. Alikosa njia iliyonyooka ya kumfikisha kwa mjuzi kabla ya wakati kupita.

Wala asidhani msomaji kwamba udhaifu huu hupatikana katika nchi maskini peke yake. Uingereza ina mali na madaktari wengi, lakini zamani hospitali nyingi za huko zilipasua mishipa kila moja kwa nafasi yake, na daktari mmoja aliweza kupasua matumbo leo na mishipa kesho. Mwaka 2008 nchi za Ulaya zilipolinganishwa, ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa huko kwa miadi, kwa ajili ya mshipa mkuu uliovimba tumboni, zaidi ya 7 walikufa. Idadi hiyo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa Ulaya.

Chama cha madaktari wa mishipa cha nchi hiyo hakikuificha aibu hiyo. Kiliazimia kupunguza vifo hivyo kwa nusu, na kufika mwaka 2012 vilikuwa chini ya 3 katika 100. Mwaka huo huo upasuaji wa mishipa ukakubaliwa kuwa fani inayojitegemea. Shauri lao lilikuwa hili: upasuaji mkubwa ukusanywe katika hospitali moja inayohudumia watu wasiopungua 800,000, yenye wapasuaji 6 au zaidi wanaopokezana zamu usiku na mchana. Hospitali ndogo zinazoizunguka zisifungwe, bali wajuzi waziendee kuwaona wagonjwa karibu na kwao.

Mtu aweza kuuliza, "Kwa nini nimsafirishe mzazi wangu mbali, hali hospitali iko mlangoni pangu?" Jawabu ni kwamba mkono huzoea kazi kwa kuifanya mara nyingi. Lakini safari hiyo haina faida mgonjwa akichelewa kuianza. Kwa hiyo Waingereza waliweka pia muda: mwongozo wa mwaka 2015 unataka mwenye kisukari aliyepata kidonda cha mguu apelekwe kwa wajuzi wa miguu kabla ya siku moja ya kazi kupita, na mguu ukiwa hatarini, apelekwe hospitali papo hapo.

Hapa ndipo tunapoona fundisho letu. Ujuzi hukusanywa mahali pamoja, lakini jicho la kuangalia lazima liwe katika kila nyumba. Sisi Waislamu tumepewa nafasi 5 kila siku, tunapoosha miguu kwa udhu. Basi mwenye kisukari atazame nyayo zake na baina ya vidole, kwa kuwa ganzi humficha jeraha. Asiyeona vizuri, mjukuu wake amtazamie. Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika, mguu unaouma usiku mpaka uning'inizwe kitandani, na kidonda kisichopona, yote hayo ni ya kupelekwa kwa daktari, wala si ya kuchuliwa wala kukandwa kwa maji ya moto. Na mguu ukiwa baridi na kubadilika rangi ghafla kwa maumivu makali, muda uliobaki wa kuuokoa ni saa chache tu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Kungoja mpaka kidole kiwe cheusi, kisha tukasema tumetawakali, si kutawakali huko bali ni uzembe. Na wanaoshika madaraka ya hospitali zetu yawapasa kuijulisha kila zahanati: mgonjwa wa namna hii apelekwe wapi, kwa nani, na kabla ya muda gani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie miguu tunayosimamia mbele yake. Amin.