Zulia la Kiajemi: Rangi Iliyozaliwa na Rangi Iliyofutwa

Neno zulia tumelizoea hata hatujiulizi lilikotoka. Waarabu wa Ghuba husema zuliyya, na wajuzi wa lugha hulirejesha kwa Waajemi, ambao kwao zilu ni tandiko la pamba lifumwalo katika mji wa Meybod, ukingoni mwa jangwa la Iran, kwa rangi mbili tu, aghalabu nyeupe na buluu, likatandikwa misikitini. Busati nalo, ambalo bibi zetu walilitaja zaidi kuliko zulia, ni bisati ya Kiarabu, na kila aliyepitia chuoni anakumbuka kwamba katika Surat Nuh ardhi yenyewe imefananishwa nalo. Kwa hivyo nikiandika leo juu ya zulia la Kiajemi, simletei msomaji kitu cha ugenini.

Lilitufikia kwa vyombo. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, kaskazi ikivuma, mabumu ya Ghuba bado yalikuwa yakitia nanga Bandari ya Kale ya Mombasa, ingawa si kwa wingi wa zama za baba zetu; na pamoja na tende, chumvi na makasha ya njumu, mazulia hayakukosekana. Yalikunjuliwa sitahani, na mnunuzi akipanda alikaribishwa kahawa kwanza, kisha akavutana bei na nahodha hata jua likapinduka. Mengi yalikuwa mekundu. Mwekundu ndio uliokuwa ukipendwa.

Sasa mapenzi yamegeuka. Watu wanalitaka zulia la Kiajemi la zamani, lililofungwa kwa mkono, lakini lisiwe na wekundu wala buluu nzito: liwe la rangi ya maziwa, ya mchanga, ya kijivu au ya ngamia, rangi isiyogombana na viti wala mapazia. Mimi sina ugomvi na matakwa hayo, kwani hata macho huhitaji mahali pa kupumzika. Neno langu ni moja. Rangi hizo za upole zina njia mbili za kuingia katika zulia, njia hizo ni mbali kama mbingu na ardhi, na wengi wanalipa bei ya njia ya kwanza wakapewa ya pili.

Njia ya kwanza ni ya mnyama mwenyewe. Kondoo wa Iran si weupe wote. Wako wa rangi ya maziwa, wa kijivu, wa kahawia na weusi, na manyoya ya ngamia yana rangi yake pia. Wafugaji wa Kiqashqai wa mkoa wa Fars, kusini-magharibi mwa nchi, hufuma mazulia manene yaitwayo gabbeh, na mengi katika hayo hayakutiwa rangi hata tone. Sufu imetoka mgongoni mwa kondoo, ikasokotwa, ikafungwa. Ufumaji huo wa Fars, pamoja na ule wa Kashan, uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu. Na pale panapotakiwa rangi nyingine, maganda ya jozi hutoa kahawia na maganda ya komamanga hutoa manjano iliyopoa.

Lakini mji ninaoupenda zaidi katika habari hii ni Nain, mashariki ya Isfahan. Watu wa Nain hapo zamani hawakujulikana kwa mazulia. Walikuwa wafumaji wa abaa, yale majoho ya sufu laini ambayo wazee wetu wa Pwani wanayajua vizuri. Mwaka 1928 ikapitishwa sheria ya Reza Shah ya kuwavalisha wanaume wa Iran mavazi ya Kizungu, isipokuwa wanavyuoni na wachache wengine, na soko la abaa likaporomoka. Mikono iliyokwisha kuzoea uzi mwembamba ikageukia zulia. Ndiyo maana zulia la Nain ni jembamba na laini, uwanja wake mweupe wa maziwa, na maua yake ya buluu na ya rangi ya mchanga yamezungushiwa ukingo wa hariri. Utulivu wa rangi zake haukuletwa na matakwa ya leo. Ndio uliolipa jina tangu vizazi vilivyopita.

Hebu tupige hesabu ya kazi yake. Zulia zuri la Nain huweza kuwa na mafundo 400,000 katika mita moja ya mraba. Zulia la mita 2 kwa 3 basi lina mafundo 2,400,000. Mfumaji hodari akifunga mafundo 8,000 kwa siku, atakaa siku 300 mbele ya kitanda cha mfumi, na kila fundo limezungushwa katika nyuzi za mtande kwa kidole, likakatwa kwa kisu, likashindiliwa kwa kitana kizito. Aghalabu mfumaji huyo ni mwanamke. Katika sehemu nyingine za Iran mmoja huimba ramani ya zulia kwa sauti, fundo ngapi za rangi gani, na wenzake wakamwitikia huku wakifunga. Waajemi huita naqsheh-khani. Sisi watunzi wa mashairi tuna vina na mizani, nao wanawake wale wana vina vyao, ila vyao hukaliwa.

Njia ya pili ni ya kufuta. Huchukuliwa zulia kuukuu, jekundu au la buluu, likanyolewa unyoya wake kwa mashine hata likakaribia mtande, kisha likaoshwa kwa klorini mpaka rangi ikimbie. Mengine huanikwa, kiangazi, huko Döşemealtı karibu na Antalya nchini Uturuki, mazulia kwa maelfu hutandazwa mashambani ili jua liyapoze rangi. Jua ni la upole zaidi kuliko dawa, na huko hakuna anayeficha, kwani watalii huenda kupiga picha. Mengine hupakwa maji ya chai ili yaonekane na umri. Jambo lenyewe si jipya. Kati ya Vita Vikuu viwili, mazulia ya Saruk yaliyopelekwa Marekani yalioshwa kwa dawa huko huko kwa kuwa Wamarekani hawakuipenda rangi yake, kisha yakapakwa rangi nzito ya zabibu kwa brashi, ua kwa ua. Wakati ule walifuta ili wakoleze. Leo wanafuta wakaacha.

Ubaya wake ni huu. Sufu ina mafuta yake ya asili, na ndiyo yanayoifanya ing'ae na kuhimili miguu miaka mia. Klorini huyala mafuta hayo. Zulia hubaki kavu kama nywele zilizoungua, na kila likifagiliwa hutoa vumbi ambalo si vumbi, bali ni zulia lenyewe linakwenda zake.

Mwaka juzi niliitwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, mirathi haijagawanywa, na sebuleni palikuwa na zulia lake alilolinunua bandarini ujanani, jeupe limeingia umanjano. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwisha kupita akawaambia kuwa limechujuka, halina kitu, ila kwa hisani yake atalichukua na kuwaachia jipya la kiwandani linalomeremeta. Mjane alikuwa karibu kukubali. Mwanawe mkubwa akaniambia, "Ami, tutazamie kabla halijatoka mlangoni."

Tuliligeuza. Mgongoni maua yalionekana wazi kama yalivyo usoni, fundo kwa fundo, na weupe wa mgongoni ulikuwa ndio weupe wa usoni, umepungua kidogo tu. Lingefutwa rangi, mizizi ya unyoya ingebaki na rangi ya zamani. Matamvua yake hayakushonewa. Yalikuwa ni nyuzi za mtande zenyewe zimetokeza. Nikaufumua uzi mmoja wa tamvua nikahesabu nyuzi zilizosokotwa ndani yake: sita. Watu wa Nain hupima zulia kwa hesabu hiyo, tisa, sita au nne, na kadiri zinavyopungua ndivyo kazi inavyokuwa nyembamba na bora.

"Kumbe lina thamani?" akauliza mjane. Nikamwambia, "Linayo, mama, tena si haba." Akanyamaza kidogo, kwa kuwa alijua maana yake. Zulia lisilo na thamani angeachiwa na wanawe bila ya maneno. Lenye thamani ni mali ya maiti, na lazima liingie katika hesabu ya warithi wote, akiwemo binti yao aliyeolewa Maskati. Akasema, "Basi na lihesabiwe." Akaletwa mtu mwingine mwaminifu akalitia bei, nalo likaangukia katika thumuni ya mjane, akaliacha pesa taslimu kiasi chake. Bado liko sebuleni pale.

Anayenunua leo afanye tulivyofanya siku ile. Aligeuze. Aupasue unyoya kwa vidole aangalie rangi ya chini na ya juu. Asugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikitoka na rangi ya chai, limepakwa. Aliguse: sufu nzima ina utelezi mdogo wa mafuta. Na akiona katika uwanja mmoja milia ya rangi inayopishana kidogo, hapa imekoza, pale imepoa, asidhani ni dosari. Waajemi huita abrash, nayo hutokea sufu ya chungu kimoja inapokwisha na mfumaji akaanza ya chungu kingine. Wengine husema zulia la miaka 30 ni la zamani. La kale hasa huhesabiwa kuanzia miaka 100. Muuzaji anayeyachanganya hayo mawili kwa makusudi, mimi simnunulii hata mkeka.

Ajue pia kwamba mazulia haya yamepita katika misukosuko. Marekani, iliyokuwa soko kubwa, iliyazuia mwaka 1987, ikayaruhusu mwaka 2000, ikayazuia 2010, ikayaruhusu 2016, ikayazuia tena 2018. Kila mlango ulipofungwa, wa kwanza kuumia alikuwa yule mwanamke wa mafundo 8,000 kwa siku.

Kuhusu matunzo, sisi tumeanza na faida, maana viatu tunaviacha mlangoni. Ulaya zulia kama hili hukanyagwa kwa buti. Maadui wetu ni unyevu na nondo. Lisitandikwe juu ya sakafu iliyolowa, kwa kuwa mtande wa pamba huoza kabla ya sufu. Lifagiliwe kwa kufuata unyoya unakolala, ligeuzwe upande kila mwaka ili jua la dirishani lisilipige mahali pamoja, na lisiguswe na dawa ya kung'arishia nguo. Nondo hupenda giza na utulivu, chini ya kabati na nyuma ya makochi, hivyo huko ndiko pa kulitazama kila baada ya miezi miwili, na kulitoa nje likapigwa upepo. Likikatika matamvua, litafutiwe fundi wa sindano mapema, kabla mafundo ya ukingoni hayajaanza kufumuka.