Hiyo ‘bunduki’ ya mnunuzi wa dhahabu inasoma nini hasa?

Sema wewe ni wa Shieywe, una gramu 5 za dhahabu kutoka mashimo ya Rosterman. Wazungu walifunga mgodi huo 1952, lakini watu wetu hawajaacha kuchimba. Unafika kwa mnunuzi, anatoa kimashine kama bunduki, anakilenga dhahabuni, na baada ya sekunde chache anakwambia, “Asilimia 80.” Utabisha aje?

Kwanza, jua kinachofanyika. Usiogope fizikia, hata mimi niliikimbia. Mashine inarusha eksirei, mawimbi mafupi sana, madogo kama atomu yenyewe. Yakigonga atomu ya dhahabu yanang’oa elektroni ya ndani. Elektroni ya nje inaruka kuziba pengo, na ikiruka inatoa eksirei yake. Kila metali ina nguvu yake: dhahabu karibu kilo-elektronivolti 9.7, shaba 8, fedha 22. Ni kama sauti ya mtu kwa simu, unamtambua bila kumwona. Mashine inahesabu sauti hizo na kukupa asilimia.

Sasa shida iko hapa: inasoma ngozi tu. Kwenye dhahabu, haioni ndani hata unene wa unywele mmoja. Kipande kikiwa na udongo au zebaki iliyobaki baada ya kuchoma, namba ya dhahabu inashuka, na anayeumia ni wewe. Na tapeli akipaka chuma dhahabu nene, mashine itasema ni dhahabu tupu.

Kwa hivyo itisha kipande kisafishwe, ama kiyeyushwe kabisa, halafu kipimwe pande tatu au nne. Omba kuona kioo chenyewe, si kuambiwa. Angalia mstari wa zebaki. Piga hesabu: kwa gramu 5, tofauti ya asilimia 80 na 88 ni gramu 0.4 za dhahabu safi, na hiyo si pesa ya chai. Na mashine haipimi uzito, kwa hivyo mizani pia iangalie vizuri.

Kitu kingine, wengi hawajui hii: ni mionzi. Mwenye mashine anafaa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, ile KNRA. Muulize. Na asikwambie umshikie kipande kwa vidole akipima. Kiwekwe mezani, mkono wako ukae mbali.