Ndege za Mafunzo Zilizopigana Kolwezi

Mkazi wa mtaa wa Kapata akisikia ndege inashuka Kolwezi, kusini mwa Kongo, leo, atasema ni wakubwa wa shaba na kobalti hao. Kati ya 1961 na 1963 uwanja huo wa ndege ulikuwa wa vita, na ndege zilizoupa jina zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya wanafunzi.

Tuanzie Kamina, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Mwaka 1940 Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, ilisalimu amri kwa Wajerumani baada ya siku 18 tu. Vita vilipokwisha, ikataka pa kukimbilia iwapo Ulaya ingewaka tena, ikajenga Kamina kambi kubwa ya anga. Anga pana, kiangazi kirefu kisicho na mawingu: pa kufundishia urubani hapo. Miaka ya 1950 vijana wa Kibelgiji walijifunza pale kwa Harvard, ndege ya viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Gurudumu lake la tatu liko mkiani, hivyo rubani akizembea wakati wa kutua, ndege huzunguka ghafla na kulalia bawa. Walimu waliithamini kwa ukorofi huohuo.

Wakongo hawakuwa wanafunzi pale. Uhuru wa Kongo ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi lake zima halikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Kwa hiyo Katanga, jimbo la Kolwezi na Kamina, ilipojitenga siku 11 baadaye chini ya kiongozi wake Moïse Tshombe, ilikodi marubani wa kigeni.

Mapema 1961 ikapata Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa. Nayo ni ndege ya mafunzo: injini mbili ndogo za jeti, viti viwili, mkia wa umbo la V. Ukiifunga bunduki mbili na mabomu mepesi, inapigana. Kufikia Septemba ilibaki moja tu inayoruka, ikitokea Kolwezi. Umoja wa Mataifa, uliokuwa na askari Kongo, haukuwa na ndege hata moja ya kivita huko, basi hiyo moja ikawashambulia askari wa umoja huo kutoka Ireland waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kuharibu ndege za usafiri viwanjani. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alipoondoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 17 Septemba kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuonana na Tshombe, ndege yake ilizunguka mbali upande wa mashariki kuikwepa Fouga hiyo. Ilianguka karibu na Ndola usiku huo. Mjadala wa kama ilishambuliwa haujafungwa, na binafsi simwamini anayedai kwamba ameufunga.

Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ulileta jeti za kivita kutoka Sweden, Ethiopia na India. Mwishoni mwa Desemba 1962 jeti za Sweden ziliruka kutoka Kamina, ndiyo, Kamina ileile ya mafunzo, zikaipiga Kolwezi. Ndege nyingi za Katanga ziliharibiwa zikiwa chini, zikiwamo Harvard, ambazo Katanga nayo ilikuwa imezipata. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi.